Joka la mdimu

Nimekuwa kimya hapa karibu wiki tatu. Kazi za gazeti mnazijua: asubuhi mahakamani, mchana kwenye mkutano wa waandishi ambao habari yenyewe haipo, jioni mhariri anakuuliza stori iko wapi. Lakini leo siandiki kuhusu kazi. Leo naandika kuhusu majoka. Ndiyo, majoka. Mliokuja kutafuta siasa, rudini kesho.

Kila Jumamosi jioni tunakutana watu watano barazani kwa rafiki yetu mmoja, Sinza. Kuna mishikaki, kuna soda, na kuna dadu za pande ishirini ambazo watoto wa jirani wanadhani ni vito vya thamani. Tunacheza ile michezo ambayo kila mtu anaigiza mhusika wake, huyu baharia, yule mganga, yule mwizi aliyetubu, na mmoja wetu anakuwa msimulizi: anatunga dunia, anasema mbele yenu kuna nini, anaigiza wengine wote waliobaki. Dadu zinaamua kama upanga wako umepata au umekosa. Mama yangu aliponiona nazo mara ya kwanza aliuliza kama nimeanza kamari. Nikamwambia hapana mama, ni hadithi. Akasema, "Mtu mzima na digrii yake!" Tukaishia hapo.

Mwaka huu msimulizi ni mimi. Niliamua dunia yetu isiwe ya misitu ya misonobari na makasri yenye theluji, maana hakuna hata mmoja kati yetu aliyewahi kuiona theluji zaidi ya ile ya kilele cha Kilimanjaro, tena kutoka dirishani mwa basi. Nikatunga pwani. Miji ya mawe ya matumbawe, mikoko, majahazi, pepo za kaskazi na kusi. Mambo yakaenda vizuri mpaka nilipofika kwenye joka.

Maana mchezo uliozaa michezo hii yote unaitwa Dungeons & Dragons. Neno la pili ni majoka! Gary Gygax na Dave Arneson waliutoa mwaka 1974 kule Wisconsin, Marekani, na tangu siku hiyo msimulizi asiye na joka ni kama mpishi wa pilau asiye na bizari. Basi nikafungua kitabu, nikachukua joka jekundu, nikaliweka kwenye pango la kisiwa changu. Nilikuwa nimejiandaa wiki nzima. Nikashusha sauti, nikasema: moshi unatoka pangoni, mnaona magamba mekundu...

Injinia akanikatiza. "Jekundu? Basi linatema moto. Tupakeni ile dawa ya kinga tuingie."

Kwisha habari. Wiki nzima ya maandalizi imekufa kwa sentensi mbili. Kosa si la Injinia, ni la rangi. Tangu mwanzo mchezo huo uligawa majoka kwa rangi kama vile nyaya za umeme. Jekundu moto, jeupe baridi, jeusi tindikali, bluu radi, kijani hewa ya sumu. Hayo matano ni mabaya. Yale ya madini, yaani dhahabu, fedha, shaba na jamaa zake, ni mema. Ukishaijua rangi umeshajua silaha yake na hata tabia yake. Hebu fikiria ungekuwa na uwezo huo kwa binadamu! Mwandishi wa mahakamani ningefukuzwa kazi siku hiyo hiyo, maana kesi zote zingeisha kwa kumtazama mshtakiwa shati.

Lakini swali lililonikera zaidi halikutoka kwa Injinia. Lilitoka kwa dada mmoja wa kundi letu ambaye mchana anafanya kazi benki. Joka lilikuwa limeshauawa, wenzake wanagawana dhahabu, yeye ametulia tu na chupa yake ya soda. Akasema:

"Wewe mwandishi, hebu nieleze. Huyo joka hali dhahabu. Hainunulii kitu. Haikopeshi. Sasa alikuwa anaifanyia nini?"

Sikuwa na jibu. Nikasema majoka ndivyo yalivyo. Akanitazama kama anavyomtazama mteja aliyekuja bila kitambulisho.

Basi nikaanza kuchimba. Wengine ukiwakera wanakunywa, mimi nasoma. Na nilichogundua ni kwamba waliotunga dunia za michezo hii baada ya Gygax nao walisumbuliwa na swali hilo hilo, kila mmoja akajibu kivyake. Mwaka 1991 ikatoka dunia inayoitwa Dark Sun. Huko uchawi unanyonya uhai wa mimea, na nchi imebaki jangwa. Joka la huko halikuanguliwa kwenye yai. Lilikuwa mtu, mfalme mchawi aliyenyonya uhai wa wengine kiasi kwamba mwili wenyewe ukageuka. Hapo nikaanza kukaa vizuri kwenye kiti. Kabla ya hapo, mwaka 1989, Shadowrun ilikuwa imeleta majoka katika miji ya kesho yenye maghorofa na kompyuta. Joka moja, Lofwyr, halilali pangoni kabisa, linamiliki shirika kubwa la biashara lenye makao yake Essen, Ujerumani. Unaona? Lundo la dhahabu limekuwa hisa. Halafu Keith Baker, aliyeshinda shindano la mwaka 2002 lililopokea mapendekezo zaidi ya 11,000, akaleta Eberron mwaka 2004. Yeye aliifuta ile sheria ya rangi: joka jekundu linaweza kuwa jema, la dhahabu linaweza kuwa shetani. Tena katika simulizi za watu wa huko, ardhi wanayoikanyaga ni mwili wa joka.

Na kuna jingine lililonichekesha. Joka kuu la majoka mema katika Dungeons & Dragons linaitwa Bahamut. Jina hilo liko kwenye maandishi ya kale ya Waarabu kuhusu ulimwengu, na huko si joka hata kidogo. Ni samaki. Samaki mkubwa kuliko akili inavyoweza kubeba, juu yake kasimama fahali, na juu ya fahali iko dunia. Nilipokuwa mdogo Tanga bibi yangu alituambia ardhi ikitetemeka ni ng'ombe anahamisha dunia kutoka pembe moja kwenda nyingine. Kumbe chini ya ng'ombe wa bibi alikuwepo samaki, na yule samaki akachukuliwa Wisconsin akapewa mabawa! Sikasiriki. Hadithi husafiri bila pasipoti. Ila nilijiuliza, kama wao wamechukua samaki wetu wakafanya joka, mimi nashindwaje kulitafuta la kwetu?

Nikaanza na neno lenyewe. Kiswahili kinatengeneza joka kama kinavyotengeneza jumba. Nyumba ikizidi ni jumba, nyoka akizidi ni joka. Basi. Hakuna mabawa ndani ya neno hilo, hakuna moto. Kuna ukubwa uliopita kiasi. Wasomaji wa Biblia wataniambia joka la Ufunuo lina vichwa saba, sawa, lakini hata hilo ni nyoka aliyezidi. Na Wagiriki ambao Wazungu walirithi neno lao hawako mbali. Drakon kwao alikuwa nyoka mkubwa, na wataalamu wa lugha hulihusisha jina hilo na kitenzi cha kutazama. Yaani mkodoaji. Mlinzi asiyefumba macho. Hadithi zao zinaonyesha hivyo hivyo, joka moja linalinda ngozi ya dhahabu ya kondoo, jingine, Ladon, limejizungusha kwenye mti wa matunda ya dhahabu katika bustani ya Hesperides.

Nilipofika kwenye huo mti nikaweka kitabu chini. Nyoka mkubwa, juu ya mti, analinda matunda asiyoyala. Jamani, huyu si tunamjua? Wahenga wa pwani wamemtaja karne na karne: joka la mdimu hulinda watundao. Ndimu zenyewe halili. Ila usithubutu kunyoosha mkono. (Na sikilizeni hii: wataalamu wa mimea walipotafuta jina la kisayansi la aina ya tunda lililo kwenye michungwa na midimu, walilichukua kwenye ile ile bustani ya Hesperides. Kwa hiyo kisayansi kabisa Ladon ni joka la mdimu. Nilipiga kelele peke yangu chumbani.)

Dada wa benki alikuwa amepata jibu lake. Dhahabu haifanyiwi kitu. Kutofanyiwa kitu ndiyo kazi yenyewe. Joka halijulikani kwa rangi wala kwa linachotema. Linajulikana kwa kitu ambacho watu wengine wanakihitaji na hawawezi kukifikia kwa sababu limelala juu yake.

Nikalitunga upya. Mji wa matumbawe, katikati kisima cha maji matamu, na kuzunguka kisima amelala joka. Halitemi moto. Halijaua mtu miaka thelathini. Maji halinywi. Wenyeji wananunua maji ya madumu yanayoletwa na majahazi kutoka ng'ambo, na ukiwauliza kwa nini hawalifukuzi wanakasirika. Ni joka letu, wanasema. Hapo nilikopa kutoka kwa nunda, yule mla watu wa hadithi ya Sultani Majinuni ambayo Edward Steere aliichapisha mwaka 1870 katika hadithi alizokusanya Unguja. Mnaikumbuka? Nunda alianza akiwa paka. Akala mifugo, watu wakalalamika, sultani akasema paka ni wake na mali iliyoliwa ni yake. Akala mbuzi, jibu lile lile. Mpaka alipowala wanawe mwenyewe ndipo mzee akatambua kwamba huyu si paka tena. Halafu mtoto wake mdogo anaingia porini kumtafuta, kila mara anarudi na mnyama aliyemuua, pundamilia, twiga, tembo, na mama yake anamwambia, mwanangu, siyo huyu. Kwangu hakuna maelezo bora ya ugumu wa kumtambua zimwi. Unaua tembo mzima unakuta siyo yeye. Yeye ulimlea jikoni.

Jumamosi ile sikushusha sauti wala sikutoa moshi. Injinia akauliza rangi. Nikasema kijivu, kama mawe ya kisima. Akakosa la kufanya. Walibishana saa nzima: tulipige, tulihonge, tuwaulize wenyeji. Ilikuwa jioni tamu kuliko zote, hata umeme ulipokatika tukaendelea kwa mshumaa.

Sasa nifike kwenye sehemu ambayo nimeizunguka tangu mwanzo.

Mmoja wa wachezaji ni mtoto wa baba yangu mkubwa. Kwa Kiswahili chetu huyo si binamu, ni kaka, tena kanizidi miaka miwili. Mhusika wake ni baharia mzee. Wenzake walipokuwa wanabishana, yeye akasema baharia anaweka silaha chini, anakwenda mpaka kisimani, anakaa. Akaniuliza mimi, yaani joka:

"Unalinda kwa ajili ya nani?"

Msimulizi hana muda wa kufikiri. Jibu linatoka lilipo. Likatoka:

"Nikiondoa mkono wangu hapa, mtagombana."

Mshumaa ukawa unawaka. Kaka akaweka dadu yake mezani taratibu sana. Akasema, "Hayo ni maneno ya baba."

Na kweli yalikuwa ya baba yake. Bibi yetu alipofariki aliacha nyumba Tanga. Baada ya arobaini kikao cha ukoo kilikaa, na baba mkubwa akachukua funguo. Hajakaa ndani yake, hajaipangisha, hajaiuza. Kufuli lipo mwaka wa nne huu. Bati linaliwa na kutu, na shangazi yetu anapanga chumba kimoja mitaa miwili kutoka pale. Kila akiulizwa, baba mkubwa anajibu sentensi hiyo moja. Nilikuwa nimekaa nayo moyoni miaka yote bila kujua, nimetunga kisima, nimetunga madumu, nimetunga wenyeji waoga, wote ni sisi. Kila mtu pale mezani alilielewa joka langu isipokuwa mimi niliyelitunga.

Nikajaribu kucheka. Nikasema ni mchezo tu, kaka. Hakujibu. Alichukua simu yake, akawaaga wengine kwa majina, mimi hakuniaga, akaenda kupanda daladala. Jumamosi iliyofuata kiti chake kilikuwa kitupu. Na iliyofuata.

Nitakuambieni nini kilichoniuma. Si kwamba nilisema uongo. Shangazi anapanga kweli, bati linaoza kweli, na kama mtu angeniletea habari hiyo gazetini ningeichapa. Lakini mhariri wangu angeniuliza swali la kwanza analotuuliza wote: umebalansi? Umempigia mwenyewe? Miaka minne nimeitunza stori ya baba yangu mkubwa kichwani, nimeshamhukumu na kumpa magamba, na sijawahi kumpigia simu hata mara moja kumuuliza. Mimi, ambaye naishi kwa kuwapigia watu nisiowajua simu za maswali mabaya.

Nilimwendea kaka kazini kwake, wakati wa chakula cha mchana. Tulikula wali maharage kimya kimya kwa muda. Kisha akasema, "Wewe unajua kwamba anakwenda kule?"

Sikujua. Akaniambia kila mwisho wa mwezi mzee anapanda basi kutoka Muheza, anafungua nyumba, anafungua madirisha yote, anafagia. Anakaa barazani pale bibi alipokuwa akikaa mpaka inapokaribia magharibi. Halafu anafunga, anarudi. Hamwambii mtu. Kaka mwenyewe alijua kwa bahati tu, alimfuata siku moja akidhani mzee ana mambo mengine mjini. "Anaona tukiuza," akasema, "hakuna atakayerudi Tanga tena. Kila mtu atashika fungu lake, basi."

"Na shangazi?"

"Ndiyo," akasema. "Na shangazi."

Hatukuongeza neno. Sitaki mtu anielewe vibaya, bado naona funguo zile zingekuwa kwa shangazi tangu jana. Mzee kufagia hakumlipii mtu kodi. Ila joka langu lilikuwa pungufu, na upungufu huo hata rangi kumi zisingeuziba. Lile joka la utenzi wa kale wa Waingereza, Beowulf, lilikaa na hazina yake miaka 300, likaichoma nchi kwa sababu ya kikombe kimoja kilichoibwa, na zamani nilidhani ni hasira ya tajiri tu. Siku hizi najiuliza lililijuaje pengo la kikombe kimoja kwenye lundo lile. Ni lazima lilikuwa linazihesabu kila usiku. Na anayehesabu kila usiku ana kitu anachokiogopa.

Jioni ile nilimpigia baba mkubwa. Nikamsalimia shikamoo, tukaulizana afya, mvua, bei ya machungwa. Swali halikutoka. Nikamwambia mwisho wa mwezi huu nitakuja Tanga, tutafagia wote. Kukawa kimya, nikadhani mtandao umekata. Akasema, "Njoo na mafagio, haya ya hapa yamechakaa."

Jumamosi iliyopita kaka alikuja, amechelewa, kashika mfuko wa ndimu. Akaumwaga mezani katikati ya dadu bila kusema kitu, Injinia akadhani ni za mishikaki. Wahusika wao walikuwa bado wamekwama pale pale kisimani nilipowaacha. Nilipofungua daftari langu kaka akasimama upande wangu wa meza.

"Sogea, mdogo wangu. Leo joka nalicheza mimi."

Nikampa kiti. Nikachukua karatasi ya baharia wake nikakaa kwake. Dada wa benki hakupoteza muda, aliegemea mbele na swali lake la tangu siku ile: maji haya huyanywi, unayafanyia nini?

Kaka akamtazama muda mrefu. Kisha akanyoosha shingo, akakunja uso, akawa mzee kabisa, nami nikamwona baba mkubwa mzima mzima mlangoni pa nyumba ya bibi.

"Karibuni," joka likasema. "Lakini vueni viatu, nimetoka kufagia sasa hivi."

Tulicheka mpaka mwenye nyumba akatoka nje kuangalia. Nyumba ya Tanga bado ina kufuli. Mafagio mawili nimeshanunua Kariakoo, yako nyuma ya mlango wangu yananisubiri. Jumamosi tunaendelea, na Injinia anasisitiza kwamba baharia wangu ni lazima arushe dadu kabla ya kuvua viatu.